Karanga Saba za Mfukoni

Saa mbili kasoro, masijala ya Mtumba.
Mfuko wa kushoto: karanga saba.
Mfuko wa kulia: hakuna kitu bado.
Kila faili likifika mwisho, karanga moja inahama.
Ndiyo dawa niliyo nayo.
Ile nyingine daktari wa Mirembe aliiandika
kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino;
nikazunguka maduka ya dawa, Majengo hadi Makole,
wakaniambia haipo, jaribu Dar,
na mmoja akasoma kichwa cha cheti,
akaniangalia mara mbili.

Faili la kwanza. Mstaafu. Mwalimu. Mpwapwa.
Baada ya folio ya tisa, ya kumi na moja.
Ya kumi iko wapi?
Naifuata kabatini,
na kabatini kuna bawaba inayolia,
na bawaba inataka tone la mafuta,
na mafuta yako stoo kwa Chilewa,
na Chilewa ananisimulia harusi ya Kondoa,
wali uliopungua, shemeji aliyenuna,
hata nikarudi mezani nimeshika kopo la mafuta
na sijui ni la nini.

Rudi, Ndahani.

Wenzangu akili yao ni maji ya bomba:
fungua, yanatoka; funga, yananyamaza.
Yangu ni korongo:
miezi kumi mchanga mtupu,
halafu usiku mmoja linabeba daraja.
Bwana Mbeleje alinikuta mwezi wa tatu, saa nne za usiku,
nimepanga rafu nzima ya mwaka tisini na sita, sijala,
na kesho yake nikashindwa kugonga muhuri mmoja.
"Wewe unachagua kazi," akasema.
Laiti ningechagua.

Nje upepo wa Julai unasukuma dirisha.
Kimbunga cha vumbi kinatembea wima uwanjani,
kimeokota mfuko wa saruji, kinauchezesha
— rudi.
Treni ya umeme inapita upande wa Ihumwa,
ina mabehewa mangapi
— rudi.
Karanga moja nimeitafuna bila kujua.
Sasa hiyo ni hesabu ya faili gani?

Mstaafu mwenyewe yuko kwenye benchi la korido.
Mwalimu Perusi Mnyakongo,
njiani tangu saa kumi na moja alfajiri.
Nilipopita mbele yake mara ya tatu, mikono mitupu,
alivua miwani.
Nikaingoja ile sauti ya ubaoni,
naijua tangu darasa la pili,
nilipohamishiwa dawati la mbele, kisha la nyuma, kisha nje.
Haikuja.
Nikamwambia ukweli tu:
Mama, faili lako lipo. Asiyekuwepo ni mimi.

Akabeba kikapu chake, akaingia,
akavuta kiti hadi ng'ambo ya meza yangu,
akatoa uzi wa bluu na sindano,
akaendelea na kofia ya mjukuu.
Hakuuliza. Hakuhimiza.
Kila macho yangu yalipoinuka kwenda dirishani
yaligonga kwanza vile vidole,
yakashuka tena.

Folio ya kumi ilikuwa imeganda mgongoni mwa ya tisa
kwa gundi ya karani wa enzi hizo, au uji wake.
Nikaibandua kwa rula, polepole,
kama mtu anayetoa bandeji kwa mtoto.
Tarehe ya ajira. Sahihi. Muhuri.

Saa sita na robo, karanga ikahama.
Mbili nikampa Mwalimu atafune njiani,
akacheka, akaenda,
kofia ikiwa bado haina kisogo.

Zimebaki tatu kushoto, na mafaili sita mezani.
Kiti sijakirudisha korido.
Nimekiacha pale pale, kinanitazama,
na juu ya kabati kopo la mafuta,
na bawaba inalia.